"Mimi Sili Hicho": Darasa la Upishi na Vyakula Tusivyovipenda

(Maneno yaliyosemwa na kikundi cha upishi cha mtaani, Nakuru, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kina mama, vijana na wazee waliokutana kubadilishana maarifa ya miradi yao.)



Tumeombwa tueleze habari ya darasa letu la upishi: lilianzaje, linaendeshwaje, na kwa nini halijavunjika mpaka leo. Swali hilo la tatu ndilo wengi wenu mmetuuliza hapo nje tukinywa chai. Tutayajibu yote matatu. Lakini tuanze na maneno matatu ambayo kila mtu hapa ameshayasema mezani: "Mimi sili hicho." Darasa letu limejengwa juu ya maneno hayo.

KWA NINI TULIANZA

Muuguzi wa zahanati alikuja kwenye mkutano wetu akatwambia jambo lililotuuma. Alisema anaona watoto wengi wenye viganja vyeupe, wasio na damu ya kutosha, na mama zao wajawazito hali kadhalika. Tukatazamana. Soko letu liko hatua chache tu kutoka hapo, na sokoni kuna managu, terere, kunde, saga, ndengu, maharagwe, omena na mayai. Ni kweli pesa ni shida. Lakini fungu la terere si ghali kuliko fungu la sukuma wiki, na mara nyingine terere imeota yenyewe nyuma ya nyumba, tunaikanyaga tukienda kuanika nguo. Basi tukajiuliza: chakula kipo, mbona hakifiki kinywani?

Wengine wakasema shida ni ufundi, tuite mwalimu wa upishi. Sasa jamani, masomo ya namna hiyo tulishayahudhuria mara nyingi. Mtaalamu anakuja na chati ya mlo kamili, anapika, tunaonja, tunapiga makofi, tunaandika kwa daftari. Jioni kila mtu anarudi kwake anapika kile kile cha jana. Mbele ya mgeni hakuna aliyekataa. Tulikataa tukifika nyumbani, kimya kimya, mlango ukiwa umefungwa. Ndiyo sababu tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba huko kukataa kuletwe darasani, kuwekwe mezani pamoja na vitunguu na nyanya, tukuzungumzie waziwazi kabla ya kuwasha jiko.

Na kuna sababu nyingine, nayo tunaitaja bila kuzunguka. Mtaa wetu ni wa mchanganyiko. Kuna Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakalenjin, Wakisii, Wakamba, na wengine. Mnajua vile watu hutaniana kwa chakula: hawa ni watu wa kitu fulani kinachonuka, wale ni watu wa kitu fulani kinachoteleza. Ni mzaha, ndiyo, lakini mzaha huo una meno. Hapa Nakuru tunakumbuka Januari 2008, wakati majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walipoanza kuogopana. Mtu akisema "chakula chenu kinanichefua", yule mwingine anasikia "nyinyi mnanichefua". Kwa hiyo darasa la kupika pamoja lilikuwa pia jaribio la kukaa pamoja, na likiharibika linaweza kuharibu zaidi ya mboga.

JINSI TULIVYOPANGA

Mambo ya mpango ni rahisi, tutayapitia haraka ili mwenye kalamu aandike.

Kwanza, idadi. Watu kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha. Wakizidi hapo, wengine wanakuwa watazamaji, na mtu haelewi upishi kwa kutazama migongo ya wenzake. Sisi tulipofika ishirini na tano tuligawanyika makundi mawili, moja Jumatano na lingine Jumamosi mchana.

Pili, makundi madogo. Kila siku kuna sufuria tatu au nne, na kila sufuria ina watu watatu au wanne wanaotoka jamii tofauti. Mwenye kukijua chakula hapiki. Anaelekeza kwa mdomo tu, mikono nyuma. Asiyekijua ndiye anashika mwiko. Kanuni hii inachekesha, lakini inafundisha kuliko nyingine zote.

Tatu, mchango. Hatukutoza ada. Kila mtu analeta kitu kilichoandikwa: huyu vitunguu viwili, yule nyanya tatu, mwingine makaa ya kujaza karai ndogo, mwingine fungu la mboga. Unga unanunuliwa kwa fedha za kikundi. Pakiti ya kilo mbili inatosha ugali wa watu wanane hadi kumi. Mweka hazina anaandika kila kitu na kukisoma kwa sauti mwisho wa siku. Asiye na kitu analeta maji au anaosha vyombo, na hakuna wa kumuuliza.

Nne, saa. Saa moja ya mazungumzo, saa moja na nusu ya kupika, nusu saa ya kula na kuosha. Tukipunguza kitu, tunapunguza kupika. Mazungumzo hatuyapunguzi.

Tano, wanaume wanaruhusiwa na wanaombwa waje. Baba akisusa mboga, nyumba nzima inasusa. Tulianza na baba mmoja aliyekuja kwa kumsindikiza mkewe. Sasa tuko na wanne, na mmoja anasonga ugali ambao hauna mabuje hata moja.

MIKEBE NA PUNJE

Mazungumzo tunayaendesha hivi. Tunapanga mikebe mitupu, kila mkebe una jina au picha ya chakula: omena, mrenda, managu, saga, muhogo, ugali wa mtama, matumbo, mayai, maziwa lala, unga wa mahindi ya manjano. Kila mtu anapewa punje tano za mahindi. Anazitia kwenye mikebe ya vyakula asivyovipenda, moja moja au zote pamoja, kwa zamu, wengine wakiwa wamegeuka. Halafu tunahesabu.

Mara ya kwanza watu walishangaa. Hakuna mkebe uliobaki mtupu. Hata maziwa lala, ambayo wenzetu wa Bonde la Ufa walidhani hakuna binadamu wa kuyachukia, yalipata punje sita. Hapo kila mmoja akaona kwamba chakula chake anachokipenda kuna mwenzake anayekikimbia. Kiburi kikashuka kidogo.

Kisha tunasema sababu, kwa masharti matatu. La kwanza: sema "mimi", usiseme "nyinyi". La pili: usitaje kabila. La tatu: asiyependa anamaliza kusema kabla mwenye kupenda hajajibu. Mwenye kuvunja sharti anachekwa, halafu anachota maji.

Tulipozisikiliza sababu hizo kwa wiki nyingi, tuliona zinaangukia mafungu manne. Hapa ndugu zetu tunaomba msikilize vizuri, kwa maana kila fungu lina dawa yake, na ukimpa mtu dawa ya fungu lingine unamkosea.

FUNGU LA KWANZA: KILIPIKWA VIBAYA

Hili ndilo kubwa na ndilo rahisi. Mtu anasema omena ina mchanga na inanuka. Ukiuliza, aliila mara moja shuleni, ikiwa imetupwa tu kwenye maji yanayochemka. Dawa ni kupika. Omena inachaguliwa kwenye ungo, mchanga na takataka zinatoka. Inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne mpaka maji yabaki safi. Inaanikwa au kuchujwa ikauke kidogo, halafu inakaangwa kwa mafuta mpaka ikauke na kulia kwenye sufuria. Ndipo unatia kitunguu, nyanya, dhania, na ndimu mwishoni. Hiyo ndimu inakata harufu. Na kwa kuwa omena huliwa na mifupa yake, inampa mtoto madini ya kujenga mifupa ambayo nyama ya bei kali haimpi.

Managu wanasema ni chungu. Ni kweli. Lakini majani machanga si machungu kama yaliyokomaa, na ukichanganya managu na terere, kisha ukamalizia na maziwa au malai, uchungu unakuwa ladha. Tahadhari moja: zile tunda mbichi za kijani zitolewe zote, zisipikwe, maana zinaweza kudhuru. Saga nayo huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ikapikwa na maziwa. Walioizoea huiacha ilale usiku mmoja ikiwa ndani ya maziwa, mahali penye baridi, na kesho yake ni tamu zaidi.

Mrenda shida ni kule kuteleza. Mama mmoja alisema, "Mimi nikiumeza nahisi umenikimbia kabla sijautafuna." Tulicheka sana, na wenye mrenda walicheka kuliko wote. Tukamwonyesha kuanza na kunde nyingi na mrenda kidogo, sehemu mbili kwa moja. Ujue pia kwamba munyu au magadi hulainisha mboga haraka, lakini ukizidisha unaharibu baadhi ya vitamini. Kidogo kinatosha.

Na kwa mboga zote: kuzichemsha saa nzima na kumwaga supu yake ni kumwaga sehemu ya faida yake. Penye uchungu, maji ya kwanza yamwagwe. Pasipo uchungu, zipikwe kwa muda mfupi, na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A ya mboga haiingii mwilini vizuri bila mafuta.

FUNGU LA PILI: KUMBUKUMBU

Hapa sufuria peke yake haitoshi. Tulimuuliza mzee mmoja kwa nini alitia punje zake zote tano kwenye mkebe wa mahindi ya manjano. Alikaa kimya, halafu akasema: "Nyinyi hamkuwa mmezaliwa. Mwaka wa 1984 tulipiga foleni kwa hayo." Mnajua, mwaka huo mvua zilikosa na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Mpaka leo kwa watu wengi wa rika lake ugali wa manjano ni ladha ya njaa, haijalishi umesongwa na nani. Wengine wanasema hivyo hivyo juu ya muhogo: ni chakula cha wakati mbaya. Na vijana wanasema juu ya mboga za kienyeji: ni chakula cha ushago, cha watu wasio na pesa.

Mtu kama huyo humwambii, "Onja tu, ni tamu." Si ulimi wake unaokataa. Tulimwacha mzee asimulie ile foleni mpaka mwisho, na vijana, ambao hawakuwa wamewahi kuisikia, walimsikiliza. Siku hiyo hatukupika mahindi ya manjano. Ugali wa manjano hatujamlisha mpaka leo, na hatuna haja. Yako mengine ya kumpa nguvu na rangi hiyo hiyo. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, kwa mfano, vina mali nyingi ya kutengeneza vitamini A mwilini, na kazi ya kuvisambaza Afrika ilipewa heshima na Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Mzee alivikubali na chai yake ya saa kumi.

Lakini kwa wale wanaosema chakula fulani ni cha kimaskini, tuliwapa historia kidogo. Mahindi yenyewe si ya baba zetu wa kale. Yalitoka Amerika, yakafika pwani yetu na Wareno katika karne ya 16, na yalikuwa hayajawa chakula kikuu cha nchi hii hadi karne ya 20. Kabla yake tulikuwa na wimbi, mtama na mawele. Sukuma wiki ilikuja na wageni. Chai ilipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka 1903. Leo nani atamkaribisha mgeni bila chai? Basi kama tulijifunza kuvipenda hivyo, tunaweza kujifunza tena.

Na heshima ya mboga za kienyeji imeanza kurudi. Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walizikusanya habari zake na majina yake katika lugha zetu, na mwaka 1999 kikachapishwa kitabu kikubwa cha mimea ya chakula ya asili ya Kenya. Mboga hizo zikaingia hata kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Mwaka 2021 UNESCO ikaiorodhesha kazi hiyo ya Kenya kuwa mfano mwema wa kuhifadhi utamaduni. Tulipomsomea kijana mmoja habari hiyo akasema, "Kumbe terere imefika Paris kabla yangu!"

FUNGU LA TATU: MWIKO

Mwiko huu si ule wa kusongea ugali. Ni ule wa kukataza. Na hapa ndipo darasa letu lilikaribia kuvunjika, tuwaambie ukweli.

Mkebe wa mayai ulikuwa na punje chache, lakini zilikuwa nzito. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa nchi, mwanamke alikatazwa zamani kula kuku na mayai, na firigisi mpaka sasa ni ya mwenye nyumba. Pengine huambiwa mjamzito akila mayai mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kuzaliwa. Siku hiyo kulikuwa na mama mzee na mke wa mwanawe, wote wanachama. Yule binti alikuwa na mimba ya miezi sita na ameandikiwa na zahanati kwamba damu yake iko chini. Ilipofika zamu yake akasema kwa sauti ndogo, "Mimi mayai nayapenda. Siyali kwa sababu mama hataki."

Watu wakanyamaza. Mama mzee akasimama akachukua leso yake. Akasema, "Hamkunileta hapa kunivua nguo mbele ya watu." Wengine wakaanza kumzomea kwamba hayo ni mambo ya kale. Wengine wakamtetea. Sauti zikapanda, na lile sharti la kutotaja kabila likavunjwa mara mbili kwa dakika moja.

Kilichotuokoa ni lile sharti la tatu: asiyependa amalize kusema. Mwenyekiti alimwomba mama mzee akae, asijitetee, atueleze tu alivyofundishwa. Akaeleza. Mamake alizaa watoto tisa, wawili wakafa na mmoja wa hao kwa uzazi mgumu, na ndipo wakunga wakasema ni chakula. "Mimi ninamkataza kwa sababu ninamwogopea," akasema. "Mnafikiri ninaona uchoyo wa yai?"

Hapo hasira ikaisha. Tukaona kwamba alilotaka yeye na alilotaka muuguzi ni jambo moja: binti ajifungue salama. Muuguzi alikuwepo, akaeleza kwa adabu, akimwita mama, kwamba yai linajenga mwili wa mama na mtoto, kwamba yai au mawili si ya kumfanya mtoto ashindwe kuzaliwa, na kwamba hatari kubwa ni mama kwenda leba akiwa hana damu. Akasema pia mayai peke yake hayatoshi: ameze tembe za madini ya chuma alizopewa, ale mboga za majani na maharagwe na ndimu au nyanya, na chai aiache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini.

Mama mzee hakusema amebadilika. Alisema hivi: "Mimi sitayala. Nimezeeka nayo haya. Lakini yeye sitamnyima." Kwetu hilo lilitosha, na linatosha mpaka sasa. Binti alijifungua salama. Hatusemi ni yai lililomwokoa. Alikwenda kliniki na alimeza dawa zake. Tunasema tu kwamba nyumbani kwao sasa yai halifichwi.

FUNGU LA NNE: MWILI NA IMANI

Fungu hili halijadiliwi. Mtu akisema akila samaki anavimba midomo au anashindwa kupumua, huyo hachagui chakula, anaweza kufa. Usimwambie aonje kidogo. Usitumie hata mafuta yaliyokaanga omena kumpikia. Mwingine maziwa mabichi yanamsokota tumbo, ingawa maziwa lala pengine anayaweza. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi, na tusimcheke tukisema chakula chake ni cha hospitali.

Vivyo hivyo imani. Majirani zetu Waislamu hawali nguruwe, na nyama nyingine wanataka iliyochinjwa kwa njia yao. Wasabato hawali nguruwe wala kambale. Kuna wasiogusa mutura kwa sababu ya damu. Darasani mkebe wa vitu hivyo hatuuweki kabisa. Tukijua yuko mmoja asiyekula kitu kwa imani yake, sufuria ya siku hiyo tunaipanga ili naye akae mezani kama wengine.

KUONJA, SI KULAZIMISHA

Baada ya mazungumzo tunapika, na baada ya kupika tunaonja. Kanuni ni kijiko kimoja. Mtu akishaonja anaweza kusema "bado", na hakuna atakayemwuliza tena mpaka wiki ijayo. Hatusemi "sipendi", tunasema "bado". Neno hilo dogo limetusaidia sana, hasa na watoto. Walezi wengi humpa mtoto chakula kipya mara moja au mbili, akitema wanasema hakipendi. Lakini mtoto huhitaji kuonja mara nyingi, pengine nane, kumi au zaidi, kabla ulimi wake haujakizoea. Anayemchapa ili ale managu anamfundisha kuchukia managu. Anayeila mbele yake kwa furaha anamfundisha kuipenda.

Mtoto aliyefika miezi sita na kuanza chakula laini pamoja na maziwa ya mama ndiye mwanafunzi wetu bora. Yeye hajui kipi ni cha kabila gani. Hajawahi kupiga foleni ya mwaka wowote. Atakachokizoea sasa ndicho atakachokiita chakula.

TUNACHOWAOMBA

Msidhani kila kitu kwetu ni laini. Miezi ya kiangazi mboga inapanda bei na sufuria zinapungua. Wapo walioacha kuja. Yupo baba ambaye amesema "bado" kwa mrenda kwa mwaka mzima, naye tunamheshimu. Lakini tukihesabu mikebe sasa, punje za omena, managu na kunde zimepungua karibu nusu, na kwenye nyumba zetu mboga ya majani ya kienyeji inaonekana mezani mara mbili au tatu kwa wiki ambapo zamani ilikuwa mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo mkirudi kwenye vikundi vyenu, tunaomba mfanye mambo manne. Kabla hamjaita mwalimu wa upishi, itaneni nyinyi wenyewe na mikebe na punje. Msikilizeni asiyependa mpaka amalize. Mjue ni fungu gani: la mapishi, la kumbukumbu, la mwiko, au la mwili na imani, ndipo mjue kama mpike, msikilize, mzungumze au mwache. Na mtu akikataa chakula chako, usidhani amekukataa wewe; na wewe ukikataa cha mwenzako, chagua maneno yako.

Tumeleta sufuria mbili huko nje. Moja ni omena, nyingine ni kunde iliyochanganywa na mrenda kidogo. Kuna pia maharagwe kwa wasiokula samaki, yamepikwa kwa mafuta mengine na mwiko mwingine. Kijiko kimoja tu. Na ukishindwa, sema "bado", tutakuelewa.